Un-, in-, dis-, non-, mis-: kiambishi kipi kiende na neno gani

Mtu anaweza kulijua neno la Kiingereza vizuri kabisa, kisha akakwama pale anapotaka kulipindua. Ni *unpossible* au *impossible*? *Disspell* au *misspell*? *Unhonest* au *dishonest*? Kiingereza kilikusanya viambishi vyake vya kukanusha kutoka pande tofauti: *un-* na *mis-* ni vya asili yake, *in-*, *dis-* na *non-* vilitoka Kilatini, vingi vikipitia Kifaransa, na *a-* ni ya Kigiriki. Vyote vimehamia nyumba moja, na mara nyingi viwili au vitatu hukaa mbele ya neno lilelile, kila kimoja na maana yake.

Kukariri orodha ndefu kunachosha na hakufiki mbali. Kinachosaidia zaidi ni kuanzia kwenye Kiswahili. Kabla hujachagua kiambishi, sema unachotaka kwa Kiswahili, kisha usikilize umbo lililotoka:

- Umesema "asiye" au "isiyo": sifa haipo. Wanaogombea ni *un-* na *in-*, mara chache *dis-*.
- Umetumia kauli ya kutendua, kama fungua au kunjua: tendo linarudishwa nyuma. Hapo ni *un-* ya vitenzi, *dis-* au *de-*.
- Umesema "vibaya" au "kimakosa": ni *mis-*, basi.
- Umesema "si mmoja wa" au "hayumo": ni *non-*.

Hatua hii haikupi jibu kamili kila mara, lakini inaondoa nusu ya makosa, kwa sababu makosa mengi yanatokana na kuchanganya maana, si tahajia.

Un- ni mbili, si moja

Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana bahati ambayo wengine hawana. Kiingereza kina *un-* mbili zinazofanana sura. Moja hukaa kwenye kivumishi na maana yake ni "asiye": *unhappy*, *unkind*, *unfair*. Nyingine hukaa kwenye kitenzi na kazi yake ni ileile ya kauli yetu ya kutendua. Weka sambamba uone:

| Tendo | Kulitendua | Kwa Kiswahili |
|---|---|---|
| lock | unlock | funga, fungua |
| fold | unfold | kunja, kunjua |
| block | unblock | ziba, zibua |
| load | unload | pakia, pakua |
| plug in | unplug | chomeka, chomoa |
| cover | uncover | funika, funua |
| dress | undress | vaa, vua |

Hata masharti yao yanafanana. Kauli ya kutendua hutaka tendo linaloacha hali fulani inayoweza kurudishwa: kilichofungwa kinafunguka, kilichokunjwa kinakunjuka. Kukimbia hakuachi kitu cha kurudisha, ndiyo maana hatuna kitenzi cha kutendua kukimbia, na Kiingereza hakina *unrun*. Kwa hiyo usitumie *un-* ya kitenzi kusema kwamba tendo halikufanyika. *I unlocked the door* maana yake mlango ulikuwa umefungwa, nikaufungua. "Sikuufunga mlango" ni *I didn't lock the door*. Hizo ni habari mbili tofauti, na nyumba ikiibiwa, tofauti hiyo itaulizwa.

Shida hutokea pale *un-* mbili zinapokutana kwenye neno moja. *Unlockable* inaweza kuwa kitu kisichofungika, yaani *un-* imebandikwa mbele ya *lockable*. Inaweza pia kuwa kitu kinachoweza kufunguliwa, yaani *-able* imebandikwa nyuma ya *unlock*. Maana hizi zinapingana, na Kiingereza kinaziandika herufi kwa herufi vilevile. *Undoable* ni hivyohivyo: kazi isiyowezekana, au, kwenye programu za kompyuta, tendo linaloweza kutenguliwa. *Unpacked* nayo: begi ambalo halijapangwa nguo, au begi ambalo nguo zimeshatolewa. Ukiwa unaandika maelekezo ya kazi, ziepuke hizi tatu. Andika *cannot be locked* au *can be unlocked*, mtu asibaki akikisia.

Mitandao ya kijamii imeikuza sana *un-* ya kutendua. *Unfollow*, *unsubscribe*, *unmute*, *uninstall*, zote zinabatilisha ulichokuwa umefanya. *Unfriend* ilichaguliwa na kamusi ya New Oxford American kuwa neno la mwaka 2009. Humo mitandaoni pia ndimo unaposhika vizuri tofauti ya *un-* na *dis-*: *dislike* ni kubonyeza kwamba hukipendi kitu, *unlike* ni kuondoa alama ya kupenda uliyoiweka jana. Anayebonyeza *unlike* anarudi sifuri, anayebonyeza *dislike* anashuka chini ya sifuri. Nje ya mitandao *unlike* si kitenzi cha kawaida, hutumika kwa maana ya "tofauti na": *unlike his brother, he is patient*.

Un- au in-: palipo na ugumu wenyewe

Maana ya *in-* na ya *un-* ya vivumishi karibu ni moja, kwa hiyo hapa Kiswahili hakitakuokoa. Unatazama umbo la neno, hasa mwisho wake.

Kabla ya hapo, tuondoe kosa linalofundishwa vibaya. Wengi wameambiwa kwamba neno likianza na *p*, *b* au *m* linachukua *im-*, likianza na *l* linachukua *il-*, likianza na *r* linachukua *ir-*. Kisha wanaandika *impopular*, *illucky*, *irreliable*. Kanuni hiyo haichagui kiambishi. Inakuambia tu sura ya *in-* ikishachaguliwa. Ni jambo tunalolijua: ubao huwa mbao, ulimi huwa ndimi, na kivumishi -refu kwenye nyumba huwa ndefu, kwa sababu sauti ya *n* na konsonanti inayofuata hutafutana. Kiingereza kilichukua mtindo huohuo kutoka Kilatini: *in-* mbele ya *possible* ikawa *impossible*, mbele ya *legal* ikawa *illegal*, mbele ya *regular* ikawa *irregular*. Lakini *un-* haibadiliki kamwe. Ndiyo maana zipo *unpopular*, *unpleasant*, *unbelievable*, *unmarried*, *unlucky*, *unlimited*, *unreliable* na *unreal*, zote zikianza na herufi hizohizo.

Sasa miisho. Neno likiishia kwa *-ed* au *-ing*, andika *un-* na mara nyingi utakuwa sahihi: *unfinished*, *uninvited*, *unexpected*, *unpaid*, *unending*, *unwilling*. *Paid* haina *-ed* kwa macho lakini ni umbo lilelile la kitenzi, kama *unknown* na *unseen*. Mtego mkubwa ni *inexperienced*. Mwingine ni *complete*: kivumishi ni *incomplete*, lakini *completed* hukanushwa kwa *uncompleted*. *Incompleted* huonekana kwenye fomu na ripoti, na ni kosa.

Miisho ya asili ya Kiingereza kama *-ful*, *-y* na *-ly* pia ni ya *un-*: *unhelpful*, *unsuccessful*, *unlucky*, *unhealthy*, *unfriendly*, *unlikely*. Kinyume chake, *-ent* na *-ant* huelemea *in-*: *inefficient*, *insufficient*, *independent*, *impatient*, *irrelevant*, *intolerant*. *Unpleasant* na *disobedient* zinaivunja kanuni hii, zikariri. Miisho ya *-ate* huelemea upande huohuo, kama *inaccurate*, *inadequate*, *inappropriate* na *illiterate*, ila *unfortunate* imejitenga.

*-ible* karibu zote ni *in-*: *invisible*, *impossible*, *illegible*, *irresponsible*. *-able* imegawanyika. Ikibandikwa kwenye kitenzi cha kila siku, chukua *un-*: *unbreakable*, *unbearable*, *unbelievable*, *undrinkable*. Ikiwa neno lote limeingia kutoka Kilatini likiwa limeshaungwa, mara nyingi ni *in-*: *incurable*, *inevitable*, *inseparable*. Jaribio la haraka: ukikata *-able*, je, unabaki na kitenzi unachokitumia? *Break* ndiyo. *Evit* hapana. Jaribio hili lina matundu, maana *cure* ni kitenzi kizima na bado tunasema *incurable*, lakini ni bora kuliko kubahatisha.

Kuna kanuni moja fupi ambayo vitabu vingi vinaisahau: neno ambalo tayari linaanza na *in-* au *im-* halichukui *in-* nyingine. Sikio linakataa *inin-*. Hivyo ni *unintelligent*, *uninteresting*, *unintentional*, *unimportant*, *unimaginable*, na hata *unintelligible*, ijapokuwa inaishia kwa *-ible*.

Kisha kuna hila ya nomino. Kivumishi kikiwa na *un-*, usidhani nomino yake itafuata:

| Kivumishi | Nomino |
|---|---|
| unable | inability |
| unjust | injustice |
| unequal | inequality |
| unstable | instability |
| ungrateful | ingratitude |
| unbalanced | imbalance |
| undecided | indecision |
| uncomfortable | discomfort |

Sababu ni kwamba nomino nyingi kati ya hizi ziliingia Kiingereza zikiwa zimekamilika, pamoja na kiambishi chake cha Kilatini, huku vivumishi vikipewa *un-* nyumbani. Ukiandika insha kuhusu usawa, utahitaji zote mbili ndani ya aya moja: *unequal pay*, *inequality of pay*. *Unequality* na *unstability* ndizo zinazonaswa sana na wasahihishaji.

Mahali pengine viambishi viwili vimekubali kuishi pamoja kwa kugawana kazi, na hapa ndipo uchaguzi unaanza kuwa na faida. *Illegible* ni mwandiko usiosomeka kwa macho: wino umefifia, herufi zimeparamiana. *Unreadable* inaweza kuwa hivyo pia, lakini zaidi ni maandishi yanayoonekana vizuri ila yanachosha au yamechanganyika kiasi kwamba huwezi kuyamaliza. Cheti cha daktari ni *illegible*, mkataba wa kurasa 90 ni *unreadable*. *Inedible* ni kitu kisichofaa kuliwa, kama uyoga wa sumu. *Uneatable* ni chakula halali kilichoharibiwa jikoni. *Unable* na *incapable* hutofautiana kwa maana na hata kwa muundo wa sentensi: *she is unable to come* maana yake hawezi kuja safari hii, *she is incapable of lying* maana yake uwongo haumo katika tabia yake. Ya kwanza hufuatwa na *to*, ya pili na *of* pamoja na *-ing*. Ukizibadilisha viungo vyao, msomaji ataona kosa kabla ya kuona maana.

In- isiyokanusha

Tahadhari hii ni ya usalama, si ya sarufi tu. Kilatini kilikuwa na *in-* nyingine yenye maana ya "ndani" au "kuingia", na Kiingereza kiliichukua pia. *Inflammable* imetoka upande huo: maana yake inashika moto upesi, sawa kabisa na *flammable*. Mtu anayeisoma kama *incurable* au *invisible* atadhani kopo la kiyeyusho haliwaki. Ndiyo sababu kwenye malori ya mafuta na makopo ya rangi siku hizi huandikwa *flammable*, na kinyume chake *non-flammable*. Wewe pia andika hivyo, achana na *inflammable* kabisa.

*Inhabitable* ni mahali panapokalika, kwa sababu imetoka kwa *inhabit*, kukaa ndani. Pasipokalika ni *uninhabitable*. *Invaluable* ina *in-* ya kukanusha, lakini inakanusha uwezekano wa kukadiria thamani: ni kitu cha thamani isiyo kifani. Ukitaka "hakina thamani", ni *worthless*. Kumwandikia mtu kwamba msaada wake ulikuwa *worthless* ukikusudia kumsifu ni ajali ya kweli, na hutokea kwa anayeijua *priceless* kisha akadhani kila *-less* ni sifa. *Priceless* na *invaluable* ni sifa. *Valueless* na *worthless* ni dharau.

*Infamous* nayo si "asiye maarufu". Ni maarufu, tena sana, kwa ubaya wake. Asiyejulikana ni *unknown*. Na matamshi yake yanatega: kwa kuwa Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho, tunavutika kusema *in-FA-mous*, lakini mkazo uko mwanzoni, *IN-fa-mous*. *Infinite*, *impotent* na *impious* hukazwa mwanzoni vilevile. Viambishi vingine kwa kawaida havibebi mkazo mkuu.

Dis- dhidi ya un-

*Un-* inasema kitu hakipo. *Dis-* mara nyingi inasema kuna nguvu inayokwenda upande wa pili: kukataa, kuvunja, kuachana. *Disagree* ni kupinga. *Disobey* ni kuasi. *Disconnect* ni kukata kilichokuwa kimeunganishwa, wakati *unconnected* ni vitu viwili ambavyo pengine havijawahi kuwa na uhusiano. Simu iliyokatwa ni *disconnected*. Matukio mawili yasiyohusiana ni *unconnected*.

Jozi inayogombaniwa kuliko zote ni *uninterested* na *disinterested*. *Uninterested* hana hamu, anapiga miayo. *Disinterested* hana maslahi binafsi katika jambo, kwa hiyo anaweza kuamua kwa haki. Mwamuzi wa mgogoro unamtaka awe *disinterested*. Akiwa *uninterested*, umepotea. Wazungumzaji wengi wa Kiingereza leo wanatumia *disinterested* kwa maana zote mbili, nao hawatakuelewa vibaya. Lakini kwenye maandishi ya kisheria, ya kitaaluma na kwenye mitihani, shika mgawanyo wa zamani. Haukugharimu kitu, na unakulinda.

*Unsatisfied* na *dissatisfied* hufuata njia hiyohiyo. *Dissatisfied* ni mtu: mteja amekasirika, anataka fedha yake. *Unsatisfied* mara nyingi ni haja: njaa, udadisi, mahitaji ya soko ambayo hayajajazwa. *Unorganised* ni kitu ambacho hakijawahi kupangwa, na kwenye habari za kazi *unorganised workers* ni wafanyakazi wasio na chama. *Disorganised* ni mpango uliovurugika, au mtu ambaye meza yake ni vurugu tupu. Ukimwita mfanyakazi mwenzako *unorganised* ataelewa, ila neno ulilokuwa ukilitafuta ni *disorganised*.

Halafu *unable* na *disable*. *Disable* ni kitenzi, kuzima au kuondolea uwezo: *disable the alarm*. Mtu mwenye ulemavu ni *disabled*. Usiseme *he was disabled to attend* kwa aliyeshindwa kuhudhuria, huyo ni *unable*.

Zipo pia sifa zilizochukua *dis-* bila sababu unayoweza kuiona leo: *dishonest*, *disloyal*, *disobedient*, *disrespectful*. Angalia zote ni kuvunja imani au heshima. Si kanuni rasmi, lakini ukikwama kwenye sifa ya tabia inayomvunjia mtu mwingine imani, bashiri *dis-* kabla ya *un-*.

Mis-: lilifanyika, lakini kombo

*Mis-* haikanushi tendo. Tendo limefanyika, ila vibaya. Tofauti hii ina uzito kwenye mazungumzo ya kazi. *I didn't understand you* ni "sikukuelewa", na uliyemwambia ataeleza tena. *I misunderstood you* ni "nilidhani nimekuelewa, kumbe sivyo", na huenda umeshafanya kazi isiyo sahihi kwa siku 3. Ukiomba radhi kwa kosa, unahitaji ya pili.

Weka tatu hizi kwa pamoja: *unused* haijatumika au haitumiki, *disused* iliwahi kutumika ikaachwa, *misused* imetumiwa vibaya. Reli isiyopitiwa tena na treni ni *disused*. Sindano ambayo bado iko kwenye pakiti yake ni *unused*. Madaraka hutokea yakawa *misused*. Kumbuka pia *unused to* ni "hajazoea": *he is unused to cold*.

*Misplace* ni kuweka kitu mahali usipopakumbuka. *Displace* ni kukisukuma kitoke mahali pake, na watu waliohamishwa makwao kwa vita huitwa *displaced*. *Misinformation* ni habari isiyo sahihi, hata kama aliyeisambaza hakukusudia ubaya. *Disinformation* imetungwa makusudi ili kupotosha. Ukimtuhumu mtu kwa *disinformation*, umemtuhumu kwa nia, si kwa kosa tu. Kati ya *mistrust* na *distrust* nafasi ni ndogo: *distrust* huegemea sababu au uzoefu, *mistrust* ni wasiwasi wa jumla. Ukizibadilisha hakuna atakayekushtaki.

Non-: uanachama tu

*Non-* ni baridi. Haisifu wala haikosoi, inaweka mpaka tu: *non-smoker*, *non-member*, *non-fiction*, *non-toxic*. Ndiyo maana inagombana na *un-* na *in-* kwa namna ya kuvutia. Anayecheza mpira bila kulipwa ni *non-professional*. Daktari anayepiga kelele kwa mgonjwa ni *unprofessional*. Wa kwanza umemweka kwenye kundi, wa pili umemlaumu. Jaribio ni neno *very*: *very unprofessional* inakubalika, *very non-professional* haikubaliki, kwa sababu mtu yumo kundini au hayumo, hakuna zaidi na kidogo.

*Non-human* ni mnyama au mashine. *Inhuman* ni binadamu mkatili. *Inhumane*, yenye *e* mwishoni, hutumika kwa matendo na mazingira yasiyo na huruma, hasa kwa wanyama na wafungwa. Ukiandika *inhuman rights* au *non-humane*, kuna kitu kimeteleza.

Historia ya Marekani ina mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1938 Baraza la Wawakilishi liliunda kamati iliyojulikana kama House Un-American Activities Committee. Iliwahoji Wamarekani wenyewe kwa shaka kwamba wanakwenda kinyume na nchi yao. Mgeni kutoka nchi nyingine ni *non-American*, na hilo si kosa. *Un-American* ni shutuma, na kwa kawaida hutupiwa mwenye pasipoti ya Marekani.

Kuhusu kistari: Waingereza hukitia mara nyingi, *non-profit*, *non-existent*. Wamarekani hukiondoa, *nonprofit*, *nonexistent*. Chagua mtindo mmoja uushike hadi mwisho wa maandishi. Mbele ya herufi kubwa kistari hakiondolewi popote: *non-European*, *un-American*.

A-, anti- na de-, kwa ufupi

*A-* ya Kigiriki, ambayo huwa *an-* mbele ya irabu, iko zaidi kwenye sayansi na taaluma: *asymmetry*, *atypical*, *anaemia*, *anonymous*. Jozi ya kuijua ni *amoral* na *immoral*. *Immoral* anajua lililo jema akalivunja. *Amoral* hana kipimo hicho kabisa: mtoto mchanga ni *amoral*, tapeli ni *immoral*. Usiichanganye *a-* hii na ile ya *asleep*, *alive* na *aboard*, ambayo haikanushi chochote.

*Anti-* ni "dhidi ya". Hapa kuna ndugu wanne wanaochanganywa: *antisocial* ni tabia inayowasumbua wengine, kama kufungulia muziki usiku wa manane. *Asocial* hana haja ya watu. *Unsociable* hapendi kuchangamana. *Unsocial* kwa Waingereza hutumika sana kwenye *unsocial hours*, saa za kazi za usiku au za mapumziko. Anayebaki nyumbani wikendi kusoma vitabu si *antisocial*, ingawa watu humwita hivyo.

*De-* huondoa kitu au kurudisha mchakato nyuma: *defrost*, *decode*, *deactivate*, *deforestation*. Tofauti na *un-* ya vitenzi, *de-* hupenda maneno marefu ya kiufundi. Barafu ya friji ni *defrost*, akaunti ya benki iliyozuiwa ikifunguliwa tena ni *unfreeze*.

Tahajia kwa kanuni moja

Andika kiambishi kizima, kisha neno zima, usipunguze wala usiongeze. *Un* pamoja na *necessary* ni *unnecessary*, *n* mbili. *Dis* pamoja na *satisfied* ni *dissatisfied*, *mis* pamoja na *spell* ni *misspell*, *s* mbili pale kiambishi kinapokutana na neno. *Dis* pamoja na *appear* ni *disappear*, *s* moja na *p* mbili, kwa sababu *appear* lenyewe lina *p* mbili. *Mis* pamoja na *use* ni *misuse*, *s* moja kabla ya *u*. *In* pamoja na *accurate* ni *inaccurate*, *n* moja na *c* mbili. *Im-*, *il-* na *ir-* hufuata kanuni hiyohiyo, kiambishi kikishabadilika sura: *immature*, *illegal*, *irregular*, zote zina herufi mbili.

Pale kiambishi hakifai

*Un-* hupenda maneno mazuri. Kuna *unhappy*, hakuna *unsad*. Kuna *unkind*, hakuna *uncruel*. *Unclean* ipo, *undirty* haipo. Ukitaka kukanusha neno baya, tumia *not*, au tafuta neno jingine: *not cruel*, *gentle*. *Harmful* haipinduliwi kwa *un-*, bali kwa *harmless*. Hapo angalia *-less* yenyewe isikupeleke pengine: *helpless* ni asiyejiweza, *unhelpful* ni asiyesaidia. Karani anayekuzungusha dirisha hadi dirisha ni *unhelpful*, na ukimwita *helpless* umemhurumia.

Tena, *unhappy* si sawa na *not happy*. Kati ya furaha na huzuni kuna eneo pana la mtu aliye kawaida tu. *Not happy* inamjumuisha huyo, *unhappy* inampeleka hadi kwenye huzuni. Ndiyo sababu Kiingereza kinaweza kukanusha mara mbili bila kurudi kilipoanzia: *not unkind* si sawa na *kind*, ni kiasi tu, kama tunavyosema "si haba" bila kudai kwamba ni nyingi.